Usukani wa Umeme Unapokuwa Mzito: Kanuni ya Ohm Katika Kutafuta Hitilafu za Gari

Utangulizi

Mwanafunzi wa fizikia hukutana na kanuni ya Ohm mapema katika masomo yake. Huandika V = I × R katika daftari, hukokotoa maswali machache juu ya betri na balbu, kisha huendelea na somo jingine. Ni mara chache kuonyeshwa kwamba kanuni hiyo, iliyotolewa na Georg Ohm huko Ujerumani mwaka 1827, yaweza kumwepusha mwenye gari na gharama ya kununua chombo kizima cha usukani, hali ubaya wenyewe umo katika kiungo kimoja cha waya kisichozidi ukubwa wa ukucha.

Magari mengi yanayoingia Afrika Mashariki kwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika miaka kadhaa, na mengi kati ya hayo yana usukani unaosaidiwa na mota ya umeme. Usukani huo unapoharibika, mara nyingi mwenye gari huambiwa kwamba kifaa chote kimekufa na hakina budi kubadilishwa. Pengine ni kweli. Lakini pengine kifaa ni kizima kabisa, na kinachokosekana ni umeme wa kutosha kukifikia. Shabaha ya makala haya ni kueleza jinsi ya kuzitofautisha hali hizo mbili kwa vipimo, wala si kwa kubahatisha.

Kutoka mafuta hadi umeme

Katika magari ya zamani dereva alizungusha usukani kwa nguvu za mikono yake tu. Mwaka 1926 mhandisi wa Marekani, Francis Davis, alionyesha usukani uliosaidiwa na shinikizo la mafuta, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikaanza kuwauzia watu gari lenye usukani wa namna hiyo. Katika mtambo huo pampu huzungushwa na injini kwa mkanda, nayo hulisukuma fito la magurudumu kwa mafuta. Upungufu wake ni kwamba pampu huzunguka wakati wote, hata gari linapokwenda moja kwa moja na dereva hahitaji msaada wowote.

Mwaka 1988 kampuni ya Suzuki ya Japani ilitoa gari dogo liitwalo Cervo, ambalo usukani wake ulisaidiwa na mota ya umeme badala ya pampu ya mafuta. Mota hutumia umeme pale tu dereva anapokata kona, kwa hiyo petroli huokolewa. Leo mtambo huu umeenea katika magari madogo karibu yote mapya.

Jinsi mtambo unavyofanya kazi

Mtambo una sehemu nne ambazo msomaji anapaswa kuzifahamu.

Ya kwanza ni kihisio cha msokoto. Mhimili wa usukani umekatwa vipande viwili, cha juu na cha chini, navyo vimeunganishwa kwa ufito mwembamba wa chuma cha pua. Dereva anapozungusha usukani huku matairi yakikinzana na ardhi, ufito huo hujisokota kidogo, nyuzi chache tu. Kwa mujibu wa kanuni ya Hooke, pembe ya msokoto hulingana na nguvu iliyotumika. Kihisio huipima pembe hiyo na kuigeuza kuwa ishara ya umeme. Hivyo gari hutambua dereva anasukuma upande gani, na kwa nguvu kiasi gani.

Ya pili ni kidhibiti, yaani kompyuta ndogo inayopokea ishara ya kihisio pamoja na ishara ya mwendo wa gari. Gari likiegeshwa, kidhibiti hutoa msaada mkubwa. Likienda kasi barabara kuu, hutoa msaada mdogo, ili usukani usiwe mwepesi mno ukamponyoka dereva.

Ya tatu ni mota yenyewe, ambayo katika magari madogo mengi hufungwa kwenye mhimili wa usukani, chini ya dashibodi. Mota huusukuma mhimili kwa kupitia gia yenye umbo la skrubu, ambayo hupunguza mwendo wake na kuongeza nguvu yake.

Ya nne, ambayo husahauliwa mara nyingi, ni njia ya umeme: betri, alteneta, fyuzi kubwa, waya mnene wa chanya, viunganishi, na njia ya kurudi kwa kupitia bodi ya gari hadi nguzo hasi ya betri. Makala haya yatakaa zaidi juu ya sehemu hii ya nne.

Jambo moja lisisitizwe hapa. Mhimili wa usukani haukutenganishwa na magurudumu. Umeme ukikatika, dereva bado anaweza kuliongoza gari, ila usukani utakuwa mzito ghafla. Dereva aliyepatwa na hali hiyo apunguze mwendo, ashike usukani kwa mikono yote miwili, na atafute mahali salama pa kusimama. Asizime injini wakati gari bado linakwenda, kwa kuwa anaweza kupoteza msaada wa breki pia, na katika magari mengine usukani unaweza kujifunga. Hatari kubwa ni kwa dereva asiyelijua jambo hili, ambaye katikati ya kona huudhani usukani umegoma kabisa, akauachia.

Dalili na maana zake

Kabla ya kufungua chochote, yafaa kumwuliza mwenye gari maswali na kusikiliza kwa makini, kama tabibu anavyomwuliza mgonjwa.

(a) Usukani ni mzito wakati wote, na taa ya usukani imewaka katika dashibodi: kidhibiti kimegundua hitilafu na kuukata msaada. Chanzo chaweza kuwa fyuzi, waya, kihisio au mota.

(b) Usukani huwa mzito wakati wa kuegesha tu, hasa usiku taa zikiwa zimewashwa, kisha hupona wenyewe: shuku betri, alteneta au kiungo kibovu cha waya.

(c) Usukani huwa mzito baada ya kuzungushwa mara nyingi mfululizo gari likiwa limesimama, kisha hurudi hali yake baada ya dakika kadhaa: huenda si hitilafu. Kidhibiti hupunguza umeme ili mota isiungue.

(d) Usukani ni mzito lakini taa haikuwaka: anza na upepo wa matairi, kisha viungo vya chini vya mhimili na tairodi. Mota haipaswi kulaumiwa kwa sababu ya tairi lisilo na upepo.

(e) Gari huvuta upande mmoja: angalia matairi, breki na mpangilio wa magurudumu ya mbele kwanza. Hayo yakiwa sawa, huenda kihisio kimepoteza alama yake ya sifuri, kikaona msokoto ambao haupo.

(f) Sauti ya kugongagonga chini ya dashibodi: gia ya skrubu au kiungo cha mota kimelika, au tairodi imelegea kwa mashimo ya barabara. Hili ni jambo la mekanika, wala halitapona kwa kubadili nyaya.

Kwa nini kipimo cha kwanza hupotosha

Tuseme gari lenye dalili (b) limefika gereji. Fundi anachukua mita, anapima betri injini ikiwa imezimwa, na kupata volti 12.6. Anapima kwenye kiunganishi cha kidhibiti, na huko pia anapata 12.6. Anahitimisha kwamba umeme unafika salama, na kwa hiyo mota au kidhibiti ndicho kibovu. Hoja hiyo inaonekana imara, lakini ina kasoro.

Hebu tuseme kwamba katika njia ya waya kuna kiungo chenye kutu, na ukinzani wake ni omu 0.05. Ukinzani huo ni mdogo kiasi kwamba mita ya kawaida haiwezi kuupima vizuri, maana nyaya za mita yenyewe huweza kuwa na zaidi ya hapo. Tukokotoe volti zinazopotea katika kiungo hicho kwa mizigo minne tofauti:

Mita peke yake (ukinzani omu milioni 10): mkondo ni ampea 0.000001 hivi, volti zinazopotea ni kama sifuri.

Balbu ndogo ya wati 5: mkondo ni ampea 0.4, zinapotea volti 0.02.

Taa kubwa ya mbele ya wati 55: mkondo ni ampea 4.6, zinapotea volti 0.23.

Mota ya usukani wakati wa kuegesha, tuseme ampea 60: zinapotea volti 3.

Msomaji ataona kwamba kiungo ni kile kile, na ukinzani wake haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mkondo. Kwa kuwa V = I × R, pasipo mkondo hapana upungufu wa volti, hata kiungo kikiwa kibovu namna gani. Fundi wetu alipopima bila mzigo, alipata jibu lililo kweli kwa hali ile, lakini haikuwa hali ambayo usukani hushindwa.

Sasa tuongeze hali ya alteneta. Injini inaponguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, alteneta huzunguka polepole pia, na huenda ikatoa ampea 40 tu. Taa, feni na redio vikihitaji ampea 25, na usukani ukidai 60, jumla ni 85. Zile 45 zinazopungua lazima zitoke katika betri. Betri iliyochoka itashuka, pengine hadi volti 11. Toa volti 3 zinazopotea katika kiungo, nazo zitabaki 8. Kwa kiwango hicho kidhibiti chaweza kuukata msaada ili kujilinda. Dereva akiondoka na injini ikiongeza mwendo, volti hupanda, na usukani unakuwa mwepesi tena. Ndiyo sababu hitilafu hii huonekana na kutoweka, hata watu wakadhani gari lina vituko.

Kuna jambo jingine. Kiungo hicho hakipotezi volti tu, bali hutoa joto pia. Joto hilo ni I² × R, yaani 60 × 60 × 0.05, ambalo ni wati 180. Hizo ni sawa na balbu tatu za wati 60 katika nafasi ndogo kuliko kidole. Si ajabu basi plastiki ya kiunganishi ikayeyuka, na kutu ikazidi, na ukinzani ukaongezeka tena.

Utaratibu wa kupima

Simamisha gari mahali tambarare, funga breki ya mkono, weka vizuizi katika magurudumu, na hakikisha gia haijaingizwa. Mtu mmoja akae kwenye usukani. Mwingine apime, akiepuka mkanda na feni ya injini.

1. Tazama kwa macho. Chunguza nguzo za betri, fyuzi kubwa, na mahali waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi. Unga mweupe au wa kijani ni dalili ya kutu. Katika miji ya pwani, ambako hewa ina chumvi, na katika magari ambayo injini huoshwa kwa maji ya shinikizo, jambo hili ni la kawaida.

2. Pima betri injini ikiwa imezimwa. Betri iliyojaa huwa na volti 12.6 hivi. Kisha washa injini. Alteneta nzima huinua kipimo hadi kati ya 13.8 na 14.5 katika magari mengi. Betri au alteneta ikiwa mbaya, itengenezwe kwanza kabla ya kuendelea.

3. Soma kumbukumbu ya hitilafu kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Alama zinazoanza na herufi C huhusu usukani, breki na magurudumu. Zile za herufi U huhusu mawasiliano baina ya kompyuta. Ziandike zote kabla ya kuzifuta. Kumbuka kwamba alama hutaja sehemu ambako hitilafu imeonekana, wala si lazima iwe ndiko ilikotokea. Volti zikishuka, huenda mashine ikataja mota.

4. Pima upungufu wa volti upande wa chanya. Weka ncha moja ya mita juu ya nguzo chanya ya betri, juu ya risasi yenyewe wala si juu ya kishikizo chake, na ncha ya pili kwenye mwisho wa waya mnene unaoingia katika kidhibiti. Mwenzako azungushe usukani kushoto na kulia, injini ikiwa inanguruma. Soma mita wakati usukani unazungushwa. Kwa kawaida kipimo kisizidi nusu volti.

5. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi: kutoka nguzo hasi ya betri hadi mwisho wa waya wa hasi wa kidhibiti.

6. Kipimo kikizidi, isogeze ncha ya pili hatua kwa hatua kuelekea betri. Tuseme kutoka nguzo hadi kishikizo umepata volti 0.05, hadi kabla ya fyuzi 0.10, hadi baada ya fyuzi 0.20, na hadi kwenye kiunganishi 2.60. Kipimo kimeruka kati ya fyuzi na kiunganishi. Hapo ndipo penye ubaya.

7. Ikiwa pande zote mbili ni salama, betri na alteneta ni nzima, ishara ya mwendo wa gari inafika, na bado msaada haupo, ndipo inapostahili kushuku kihisio, mota au kidhibiti.

Mwenzako asiukazie usukani mwisho kabisa wa upande kwa zaidi ya sekunde chache, kwa sababu hapo mota hudai mkondo mkubwa huku haizunguki, nayo hupata joto upesi.

Matengenezo

Kiungo chenye kutu hufunguliwa, husafishwa kwa msasa mpaka chuma king'ae, hufungwa kwa kukazwa vizuri, kisha hupakwa grisi kwa nje ili kuzuia maji. Kiunganishi kilichoyeyuka hubadilishwa; kukibana kwa koleo ni kuahirisha tatizo. Waya mpya uwe na unene ule ule au zaidi.

Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa fyuzi ya kiasi kile kile. Kuweka kubwa zaidi, au kuunganisha kwa kipande cha waya, ni kuondoa mlinzi na kuuacha waya wenyewe uungue. Fyuzi mpya ikiungua tena, tafuta mahali umeme unapovuja au mota iliyokwama.

Kihisio cha msokoto kisifunguliwe gereji. Kikiwa kibovu, hubadilishwa pamoja na mhimili wake, kisha kidhibiti hufundishwa upya alama ya sifuri, magurudumu yakiwa yamenyooka na bila mtu kuugusa usukani, kwa utaratibu wa mtengenezaji. Kuliruka jambo hili kwaweza kuleta gari linalojivuta upande mmoja lenyewe.

Onyo la mwisho linahusu mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani. Viunganishi vyake huwa vya rangi ya manjano. Kabla ya kugusa chochote karibu navyo, ondoa waya wa hasi wa betri na usubiri muda uliotajwa katika kitabu cha gari. Kamwe usivipime kwa mita.

Zoezi la darasani

Walimu wanaweza kuonyesha jambo hili bila gari. Chukua betri ya volti 12, taa ya gari ya wati 55, balbu ndogo ya wati 5 na mita. Unganisha taa kwa waya mnene, kisha katikati ya njia ingiza kiungo kilicholegezwa makusudi au kipande kirefu cha waya mwembamba. Wanafunzi wapime volti katika kiungo hicho mara tatu: bila taa, kwa balbu ndogo, na kwa taa kubwa. Wachore grafu ya volti zilizopotea dhidi ya mkondo. Ikiwa waya haukupata joto sana, nukta zitakaa karibu na mstari mnyoofu, na mteremko wa mstari huo ndio ukinzani wa kiungo. Taa isiachwe ikiwaka muda mrefu, maana waya mwembamba huweza kuunguza.

Maswali ya kujipima

1. Katika gari moja mkondo wa usukani ni ampea 50, na upungufu wa volti upande wa hasi ni 1.5. Tafuta ukinzani wa njia hiyo na joto linalotolewa kwa sekunde. (Jibu: omu 0.03, wati 75.)

2. Ufito wa kihisio hujisokota nyuzi 1 kwa kila nyutoni-mita 2. Dereva akiusokota nyuzi 1.5, ametumia nguvu gani ya msokoto? (Jibu: nyutoni-mita 3.)

3. Eleza kwa nini fyuzi yaweza kuonekana nzima kwa balbu ya majaribio ya wati 5, lakini vishikizo vyake vikawa ndivyo chanzo cha hitilafu.

4. Ishara ya mwendo wa gari isipofika kwa kidhibiti, ni jambo gani laweza kumpata dereva barabara kuu? Toa sababu.

5. Mwenye gari ameshauriwa kununua mota ya usukani iliyokwisha kutumika. Taja vipimo vitatu ambavyo angepaswa kuomba vifanywe kabla ya kulipa, na ueleze kila kimoja kingethibitisha nini.